Kwa Niaba ya Golikipa

Kwanza niseme wazi ili tusije kugombana mbele ya safari: nchi ninayoisimulia haipo popote. Mkiona inafanana na mahali mnapopajua, hilo ni tatizo la macho yenu, nendeni mkapimwe. Mimi, Athanasi Lukwale, nimeitumikia nchi hiyo miaka ishirini na sita nikiwa Msimamizi Mkuu wa Viti na Mahema katika Wizara ya Michezo, Furaha na Mambo Yanayofanana na Hayo. Katika miaka yote hiyo sijaona jambo hata moja lililoharibiwa kwa makusudi. Yaliyoharibika yaliharibika kwa kufuata utaratibu, na mwenye ushahidi tofauti aulete, nitamtafutia kiti.

Katika nchi yetu hela ya serikali haitoki bila uzinduzi. Zamani ilikuwa inatoka hivihivi, kimyakimya, na hakuna aliyepiga makofi. Mtukufu Rais wa wakati ule lilimuuma sana jambo hilo. Akatoa Waraka Namba Tisa: hakuna shilingi ya umma itakayotumika ila kwenye shughuli yenye mgeni rasmi, utepe na hotuba. Tangu hapo fomu ya kuombea hela imekuwa ukurasa mmoja tu, wa rangi ya waridi, wenye visanduku sita. Mgeni rasmi, hema, viti, utepe, keki, maji ya chupa. Kipo na kisanduku cha saba, kimeandikwa "mengineyo", lakini kimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu na Hazina yenyewe.

Sasa Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanzishwa, tuliizindua. Tena tuliizindua ikazindulika! Nilipanga viti mia nane. Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Ludoviko Sandali, alikata utepe kwa mkasi wa dhahabu, akashika kipaza sauti na kutamka maneno ambayo nimeyaandika ukutani kwangu sebuleni: "Kuanzia leo soka la wanawake halitarudi pale lilipokuwa, na wala halitakwenda pengine bila idhini yangu!" Watu walipiga makofi mpaka mahema yakatikisika. Keki ilikuwa na umbo la mpira, na ndiyo mpira pekee uliokuwepo uwanjani siku ile. Tuliila, tukakunja mahema, tukaenda nyumbani.

Wachezaji nao wakaenda kwao, kusubiri mechi ya kwanza. Wakasubiri miezi mitano.

*

Msidhani Wizara ilikaa tu. Kampuni moja ya sabuni ilijitolea kuidhamini ligi kwa makatoni arobaini ya sabuni ya unga, nasi tukaizindua sabuni. Ilipotumika yote kuoshea mahema, tukaizindua Kamati ya Kutafuta Mdhamini Mwingine. Kamati ikaenda nchi moja ya baridi kuona wanawake wa huko wanavyocheza mpira, ikarudi na makoti. Timu zilikuwa nane. Kufikia mwezi wa tano zilibaki nne, maana nyingine zilikuwa na tabia mbaya ya kutaka kula.

Ndipo akaja yule binti.

Alikuja kwa baiskeli, kutoka Kitopeni, mwendo wa saa nne, akaiegesha kwenye geti la Wizara palipoandikwa MAGARI YA WAHESHIMIWA TU. Jina lake Siwema Makelele, fundi baiskeli, umri miaka thelathini na tano, kapteni na golikipa wa timu ya Tausi ya Kitopeni. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kuchukua viti?"

"Nimekuja kuuliza. Ligi lini?"

Nilishangaa. "Ligi gani tena? Ligi si tumeshaizindua?"

"Mmeizindua. Ila hatujacheza."

"Sasa binti, ya kuzindua ni kazi ya serikali. Hayo ya kucheza ni mambo yenu ya ndani."

Hakukasirika, au kama alikasirika alikasirikia mfukoni, maana alitoa barua humo akanipa nisome. Ilitoka Shirikisho la Bara. Ilisema: nchi itakayomaliza ligi yake ya wanawake kufikia tarehe thelathini Septemba, mechi kumi na mbili, kila moja dakika tisini kamili, bingwa wake atakwenda kwenye Kombe la Bara kwa nauli ya Shirikisho. Nchi ambayo haitamaliza, ligi yake itafutwa na timu zake zitaondolewa kwenye daftari.

"Mzee," akasema, "nimesimama golini miaka kumi na tisa. Nimesimama kwenye magoli ya miti, ya matofali, ya ndala mbili. Nataka nisimame mara moja tu kwenye goli la nje, lenye nyavu na nyasi. Hata nikifungwa. Mwakani magoti haya hayatanibeba tena."

Nilimwonea huruma, siyo siri, lakini huruma haina kisanduku. Nikamwonyesha fomu ya waridi ili aelewe kwamba serikali haina ubaya na mtu. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

"Kwa hiyo hela ya mechi hakuna, ila ya uzinduzi ipo."

"Ipo tele."

"Na mnazindua kitu chochote?"

"Chochote. Mwaka jana tulizindua mlango."

Akawa anafuta grisi kwenye kidole kimoja kwa kidole kingine. "Basi mzee, tuzindue mechi ya kwanza. Halafu tutazindua ya pili."

Haki ya Mungu, nilitafuta kosa katika maneno yale, sikuliona.

*

Tulijaza fomu pamoja. Mimi nilikuwa nataja vifungu, yeye anaandika kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeachishwa shule angali anaipenda. Utepe: mita mia nne, kwa sababu uwanja ukizungushiwa utepe unakuwa na mistari. Mahema: mawili, na nguzo sita za ziada, kwa sababu goli ni nguzo tatu na magoli ni mawili. Wabeba viti: arobaini na wanne, wa kike, wenye viatu vya njumu. Keki: moja, ya duara, ya ngozi, isiyolika.

Hazina walirudisha fomu mara moja tu, wakauliza kwa nini keki hailiki. Nilijibu kwamba ni kwa afya ya viongozi. Wakagonga muhuri.

Na hivyo ligi ikaanza. Lori langu la viti lilikuwa linapita Kitopeni alfajiri, Tausi wanapanda juu ya viti, tunawapitia wapinzani wao njiani, wanapanda nao. Wakifika wanashusha viti mia nane, wanavipanga kwa mistari ninavyotaka mimi, wanasimika mahema, halafu wanavaa jezi na kucheza. Wakimaliza wanakunja mahema na kupakia viti. Mwamuzi alikuwa kwenye orodha kama mpiga filimbi wa burudani. Nilikuwa mkali, sikatai. Kiti kikipinda nilikuwa nasema. Mchezaji mmoja wa Mwewe ya Bondeni alifunga magoli matatu siku moja, na bado alinivunjia kiti cha mstari wa mbele, nikamwandikia barua ya onyo.

Mheshimiwa Sandali aliyapenda mambo yale kupita kiasi. Mara ya kwanza alizindua mechi. Mara ya pili alizindua kipindi cha kwanza, akapumzika, akazindua cha pili. Mechi ya nne alizindua kona. Kufikia mechi ya saba alikuwa anakuja na mkasi mfukoni.

Siku hiyo ya mechi ya saba mpiga filimbi aliamuru penalti, wakipigiwa Tausi. Siwema akasimama golini, akatema mate kwenye glavu zake. Glavu zenyewe zilikuwa zimetiwa viraka vya tyubu ya baiskeli, kazi yake mwenyewe. Mpigaji akarudi nyuma hatua tano. Mara tukasikia kipaza sauti: "Simama hapohapo!"

Ni Mheshimiwa. "Ndugu wananchi," akasema, "hii ni penalti ya kwanza chini ya uongozi wangu. Haiwezi kupigwa kienyeji."

Tukaleta utepe, tukaufunga kati ya mpira na goli. Akahutubia dakika thelathini na tano. Alieleza historia ya penalti, akaishukuru familia yake, akaitaka penalti iwe chachu ya maendeleo. Mvua ikaanza kunyesha. Sisi tulikuwa ndani ya hema, wao walikuwa palepale, mpigaji kwenye hatua yake ya tano na Siwema kwenye mstari wake, maji yanawatiririka puani. Utepe ulipokatwa mpigaji alikuwa amekufa ganzi miguu yote miwili. Akapiga, Siwema akaruka kushoto, akaudaka.

Mheshimiwa aliumia moyo. Alisema penalti aliyoizindua yeye kwa mkono wake ilitakiwa iingie, na kwamba yule golikipa amekosa uzalendo.

*

Tukafika tarehe thelathini Septemba, mechi ya kumi na mbili, Tausi na Mwewe, mwenye kushinda ndiye bingwa. Uwanja ulikuwa wa Bondeni, ambao una taa nzuri sana zilizozinduliwa miaka sita iliyopita, zinasubiri kuwekewa balbu. Kwa hiyo ilikuwa lazima mechi ianze saa kumi na kuisha kabla jua halijazama. Hilo alilijua kila mtu.

Saa tatu asubuhi Waziri akapiga simu kutoka ng'ambo. Alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa kujadili kwa nini soka la wanawake halihudhuriwi na viongozi. Akasema atawakilishwa na Katibu Mkuu, Bibi Pulkeria Ndauka. Bibi Pulkeria alikuwa na harusi, akasema atawakilishwa na Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa kwenye semina, akamtuma Msaidizi wake, na Msaidizi akasema kiti cha lori kitamuumiza mgongo, akamtuma Afisa Mwandamizi, ambaye hakupatikana kabisa, na hadi leo tunamtafuta kwa ajili ya mambo mengine. Mimi nilikuwa uwanjani nimeshika kiti cha mgeni rasmi, nakifuta vumbi, simu ilipolia. Nikaambiwa nikikalie mimi.

Jamani! Miaka ishirini na sita! Nilikitazama kile kiti nikaona haya, kana kwamba kinanifahamu.

Dereva wa Wizara akaniletea hotuba ya Waziri. Kurasa arobaini na saba. Nikawa naizungusha mikononi, na Siwema akaja akiwa na jezi yake ya kijani, namba moja, jina SIWEMA limeshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu.

"Mzee, hiyo ni ndefu kiasi gani?"

"Saa moja na nusu, nikisoma kwa heshima. Na zaidi kidogo."

Niliona uso wake ukibadilika. Akatazama jua. "Ukiisoma yote ndipo tuanze, giza litatukuta kipindi cha pili. Tutafutwa, mzee. Iache. Sema maneno mawili, ukae."

"Binti!" Nilimkemea, nasema kweli. "Hotuba ya Waziri haiachwi! Mimi leo si Athanasi. Mimi ni Waziri anayewakilishwa na Katibu Mkuu anayewakilishwa na Mkurugenzi. Una akili wewe?"

Akainama. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza mkononi mwangu. Akausoma mara mbili, kama alivyoisoma ile fomu. Alipoinua uso alikuwa na adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Nisamehe, mzee. Nimekosa. Tena nakuomba uisome yote, polepole, usiruke hata nukta. Na wewe mtu wa itifaki unajua: anayehutubia anawaelekea waheshimiwa hemani. Uwanja unakuwa nyuma yake."

"Nani asiyejua hilo?"

"Basi usigeuke, mzee. Hata ukisikia nini."

"Utanifundisha kazi?" nikamwambia, lakini moyoni nilifurahi kwamba hatimaye ameheshimu serikali.

*

Saa kumi kamili nilisimama kwenye kipaza sauti, waheshimiwa wa wilaya mbele yangu hemani, uwanja mgongoni. Nikasoma ukurasa wa kwanza: "Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyopewa, nazindua rasmi hotuba hii."

Niliposema tu "nazindua rasmi", filimbi ikalia nyuma yangu. Nilijua ni ya heshima.

Sijui nianzie wapi kuwaeleza mambo yaliyotokea. Mimi sikuwahi kujua kwamba nina kipaji. Ukurasa wa tano, nilipotaja mikakati mitatu ya Wizara, watu walianza kunong'ona. Ukurasa wa kumi na mbili, kwenye mkakati wa pili, uwanja mzima ulinguruma, watu elfu nne kwa sauti moja, nikarudia sentensi ile kwa raha yangu. Waheshimiwa hemani walikuwa wananyoosha shingo kulia na kushoto ili wanione vizuri. Mkuu wa Wilaya alipanda juu ya kiti. Kiti changu! Nikamsamehe.

Ukurasa wa ishirini na tatu nikasikia filimbi tena. Msichana mmoja wa Tausi akaja amelowa jasho, akanipa maji, akasema, "Pumzika, mzee, koo litakauka." Nikapumzika dakika kumi na tano. Hata wananchi walipumzika, wakanunua karanga, kwa jinsi nilivyokuwa nimewachosha kwa hisia. Filimbi ikalia, nikaendelea.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja nilisoma maneno "pamoja na changamoto hizo", na uwanja wote ukatoa sauti moja ndefu ya uchungu, ooooh, mama mmoja akapiga yowe kabisa. Ni nani katika nchi ile amewahi kuzisikitikia changamoto za Wizara kiasi kile? Nilitokwa na machozi, nikasoma kurasa sita nikiwa sioni vizuri.

Na ukurasa wa arobaini na sita! Nilisema, "mchakato huo uko katika hatua za mwisho." Ndugu zangu, nilidhani mahema yanaanguka. Watu walirukaruka, walikumbatiana, walirusha kofia, viti vyangu mia nane vikapinduka kwa mkupuo mmoja, Mkuu wa Wilaya akambusu karani wake. Nikasoma ukurasa wa mwisho bila kusikia sauti yangu mwenyewe. Jua lilikuwa limebaki kipande. Filimbi ikalia mara tatu, nami nikaweka karatasi chini na kugeuka.

Wanawake walikuwa wamelala kwenye majani, wengine wanalia, wengine wanacheka. Siwema alikuwa amepiga magoti golini, ameficha uso kwenye zile glavu. Nikasogea nikamshika bega.

"Usilie, binti. Hata mimi imenigusa."

Akanitazama. Akainuka akanikumbatia, grisi, tope na vyote. "Asante, mzee. Umesoma vizuri sana."

Kesho yake gazeti lilitoa picha ya Siwema ukurasa wa mbele, na habari kwamba Tausi wameshinda moja bila, goli la dakika ya themanini na nane. Hotuba yangu haikutajwa. Nilimwandikia mhariri barua kali.

*

Nauli za Shirikisho zikafika, tiketi ishirini na tano. Wiki moja baadaye orodha ya wasafiri ikabandikwa kwenye ubao wa Wizara. Ilianza na Mheshimiwa Sandali, akafuata Bibi Pulkeria, halafu Mkurugenzi, Msaidizi na mgongo wake, Kamati ya Kutafuta Mdhamini Mwingine pamoja na makoti yao, mpishi wa keki, na wengine wa muhimu. Wa ishirini na tano nilikuwa mimi. Mchezaji hakuwemo hata mmoja.

Tausi walikuja getini na mabegi yao. Bibi Pulkeria akatoka kuwaeleza kwa upole, maana ni mama wa watu.

"Mtawakilishwa," akasema.

Siwema akauliza, "Tutawakilishwa kucheza?"

"Kwani kuna ajabu gani? Rais anawakilishwa, Waziri anawakilishwa, hamjasikia mtu analalamika. Nyinyi ni akina nani msiwakilishwe?" Akaangalia orodha. "Nafasi ya golikipa itashikwa na Bwana Lukwale. Ameshakuwa mgeni rasmi, ana uzoefu."

Wenzake walipiga kelele, mmoja akatupa begi lake ndani ya ua wa Wizara, askari wakasogea. Siwema hakupiga kelele. Alifungua begi, akatoa jezi namba moja na zile glavu, akanishikisha.

"Kiraka cha kulia kimelegea," akaniambia. "Ukidaka, tanguliza kushoto."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hotuba nilikuwa nayo.

*

Ule uwanja wa ng'ambo sijauona mfano wake. Watu elfu thelathini, na wote wamekaa kwenye viti vilivyogandishwa kwenye sakafu, hakihami hata kimoja. Niliona kazi ya miaka yangu yote haina maana pale. Mheshimiwa alikuwa mshambuliaji wa kati, amevaa suti na viatu vya njumu. Wasimamizi wa kule walibisha kwamba haya ni mashindano ya wanawake. Bibi Pulkeria akawaonyesha barua yenye mihuri tisa isemayo kwamba sisi ni wanawake kwa uwakilishi, wakachoka kubishana, wakaacha.

Filimbi ikalia. Mheshimiwa akatoa mkasi.

Wale wasichana wa upande wa pili hawakungoja. Mpira ulikuja kwangu haujazinduliwa, nikaunyooshea mkono kuusimamisha, ukapita. Wakaleta wa pili, ukapita. Wa tatu ulinikuta natafuta ukurasa.

Na uwanja ukanguruma.

Nilikuwa nimeinama kuokota mpira kwenye nyavu niliposikia sauti ile, nikabaki nimeinama. Niliijua. Ilikuwa ya ukurasa wa kumi na mbili. Mpira mwingine ukagonga mwamba, watu elfu thelathini wakatoa ile ooooh ndefu, na mama mmoja akapiga yowe, nami nikasema kwa sauti, peke yangu golini, "Changamoto." Waliponifunga la tisa, lile zuri la kuruka kwa kichwa, watu wakakumbatiana, wakarusha kofia, na mimi nilikuwa naangalia kila kitu kwa mara ya kwanza, kwa sababu safari hii uwanja ulikuwa mbele yangu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Niliona aibu ya kurasa arobaini na saba, moja baada ya nyingine, pamoja na ile barua niliyomwandikia mhariri. Mgongoni nilikuwa na jina lake limeshonwa kwa uzi wa viatu, na mtangazaji wa uwanja, kila ninapofungwa, alikuwa analisoma jina hilo kwa lugha yao na watu wanacheka. Siwema. Siwema tena. Nilitamani kuvua ile jezi nikabaki kifua wazi.

Dakika ya themanini hivi ukaja mpira wa juu. Nikakumbuka, nikatanguliza kushoto. Sijui niliudaka vipi. Uliniuma hadi kwenye meno.

Ripoti ya Wizara ilisema tumeingia nane bora. Timu zilikuwa nane. Mheshimiwa akapewa nishani ya Rafiki wa Soka la Wanawake, tukaizindua.

*

Nilipomaliza kupanga viti vya nishani nikapanda basi la Kitopeni na jezi nimeifua, nimeipiga pasi, glavu juu yake. Nilimkuta kwenye banda lake la ufundi, ametumbukiza tyubu kwenye karai la maji, anatafuta tundu. Magoti ameyafunga bendeji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kapteni."

Alinitazama kidogo, kwa sababu sikuwahi kumwita hivyo. Kisha akarudisha macho kwenye karai.

"Mangapi?"

"Kwa niaba yako, Kapteni, kumi na saba."

Mapovu yakatoka kwenye tyubu. Akaweka kidole palepale. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyaandika kabisa, kurasa mbili. Sikuyatoa.

"Ulidaka hata mmoja?"

"Mmoja. Nilitanguliza kushoto."

Akatikisa kichwa polepole. Akafuta mikono, akapokea jezi, akapitisha kidole juu ya jina lake. Ndani ya banda kulikuwa na kiti kimoja, cha plastiki, mguu umefungwa waya. Akakifuta kwa kanga yake, akanisogezea.

"Kaa, mzee, unisimulie. Nyasi zake zilikuwaje?"

Nilikishika kile kiti kwa mikono miwili, kama nilivyovishika vingine vyote, nikakigeuza, nikakiweka nyuma yake.

"Kaa wewe, Kapteni," nikamwambia.

Akakaa. Mimi nikasimama mbele yake, nikaanza kumweleza.